Kupika mboga za bustani yako msimu wa joto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayenunua mboga huanza na pishi analolitaka, kisha hutafuta vitu vyake. Mwenye bustani hupita kwanza kwenye matuta, akaona kilichoiva, ndipo akaamua apike nini. Maswali mengi ya msimu wa joto hutokana na kujaribu kupika kwa mtindo wa kwanza huku mboga zikiiva kwa mtindo wa pili. Majibu ya hapa yanafuata bustani.

Nianzie wapi? Kila siku nina mboga nyingi lakini sijui nipike nini.

Jiulize swali moja ukiwa bado bustanini: kipi hakiwezi kungoja hadi kesho? Mahindi mabichi, maharage mabichi, zukini (boga dogo refu linalovunwa changa), matango na bamia hazingoji. Bamia iliyokuwa laini jana, kesho kutwa ina nyuzi zisizotafunika. Nyanya na pilipili hoho zinakupa siku mbili tatu. Karoti, viazi na bitiruti zinakaa ardhini kwa wiki kadhaa bila shida. Basi chakula cha leo kijengwe juu ya zile zisizongoja, na zilizobaki ziongeze ladha tu.

Baada ya hapo huhitaji mapishi mapya kila siku. Jifunze mitindo michache mpaka mkono uizoee: saladi, mchuzi wa nyanya, mboga za kukaanga haraka kwa moto mkali, mboga za kuoka pamoja kwenye sinia, na supu. Karibu kila kinachotoka bustanini wakati wa joto kinaingia kwenye mojawapo. Ukiwa na zukini badala ya biringanya, weka zukini. Kushika orodha ya viungo kana kwamba ni sheria ndiko kunakofanya mboga nzuri zioze jikoni.

Nivune wakati gani?

Asubuhi mapema, umande ukishakauka. Usiku mmea hurejesha maji uliyoyapoteza mchana, kwa hiyo majani ya asubuhi ni magumu na yenye kuvunjika kwa mlio, na hayajabeba joto la jua. Kama nafasi yako ni jioni tu, vuna jioni, kisha loweka mboga za majani kwenye maji ya baridi kwa dakika 10 hadi 15. Zitainuka tena. Viungo vya majani kama rehani na mnanaa vuna kabla jua halijawa kali, maana harufu yake imo kwenye mafuta mepesi yanayopotea kwa joto.

Nyanya ziwekwe kwenye friji au nje?

Nje, mpaka ziive kabisa. Chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi nyanya hupoteza uwezo wa kutengeneza harufu yake, na harufu ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ya nyanya. Ziweke kwenye meza, mahali penye kivuli, kikonyo kikiangalia chini, zisirundikane. Zikiwa zimeiva sana na huwezi kuzila leo wala kesho, hapo friji ni afadhali kuliko kuoza. Zitoe mapema kabla ya kula zirudi kwenye joto la kawaida.

Si lazima ungoje nyanya iwe nyekundu kabisa kwenye mmea. Ikishaanza kubadilika rangi inaweza kuvunwa na itamalizia kuiva ndani ya nyumba. Hili ni la msaada hasa siku za jua kali: joto likipita nyuzi 30, nyanya hushindwa kutengeneza rangi yake nyekundu vizuri na hubaki na rangi ya chungwa iliyofifia. Mvua kubwa ikikaribia, vuna vilevile, kwa sababu maji mengi ya ghafla hupasua ngozi za zile zinazoiva.

Nyanya nzuri iliyoiva juani iache mbichi. Ikate vipande vinene, nyunyiza chumvi, ngoja dakika 10. Itatoa maji yake kwenye sahani, na maji hayo yakichanganywa na mafuta ya zeituni na matone ya siki ndiyo mchuzi wa saladi. Usiyamwage. Mkate wa jana uliokatwakatwa ukiyanywa maji hayo, umepata mlo kamili bila kuwasha moto.

Nyanya zangu zimeiva zote kwa wiki moja. Nifanyeje?

Oka. Washa oveni nyuzi 200. Kata nyanya katikati, zipange kwenye sinia uso ukiangalia chini, tia vitunguu vilivyokatwa vipande vinene na punje za kitunguu saumu zikiwa na maganda yake, mwagia mafuta, tia chumvi. Baada ya dakika 40 hivi, ngozi za nyanya zitakuwa zimejikunja na kuinuka, zingine zimeungua kidogo pembeni. Zishike kwa ncha za vidole au koleo uzivute. Zinatoka zote bila kazi. Minya kitunguu saumu kitoke kwenye maganda kikiwa laini kabisa, ponda kila kitu kwa uma, kisha kwangua sinia vizuri, maana yale mabaki ya kahawia yaliyoganda chini ndiyo yenye utamu mwingi.

Mchuzi huo unakaa kwenye friji siku 3 au 4, na kwenye friza miezi mingi. Ninaupenda kuliko wa sufuria kwa sababu nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na oveni huyakausha bila wewe kusimama ukikoroga. Kupika nyanya pamoja na mafuta kuna faida nyingine: laikopini, ile rangi nyekundu yenyewe, hufyonzwa na mwili kwa urahisi zaidi.

Huna muda hata wa kuoka? Gandisha nyanya nzima kama zilivyo, zikiwa zimeoshwa na kukaushwa. Ukizihitaji, pitisha moja moja chini ya bomba la maji ya uvuguvugu na ngozi itachomoka yenyewe. Hazitafaa kwa saladi, lakini kwa mchuzi na supu zinafaa kabisa.

Na zile za kijani zilizobaki msimu unapoisha?

Zilizokwisha kukomaa, yaani zenye kung'aa na kuanza kuwa nyeupe nyeupe chini, zitaiva ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, kwa sababu ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva. Ndogo zilizo ngumu sana zikate vipande vyembamba, zipitishe kwenye unga uzikaange, au zitengeneze achari.

Zukini imekua kama mkono wangu. Bado inalika?

Inalika, ila si kwa namna ileile. Zukini ya sentimita 15 hadi 20 ina ngozi laini na mbegu zisizohisika; hiyo kata ukaange kwa moto mkali dakika chache, au ikwangue nyembamba uile mbichi na limau. Iliyokua sana ina ngozi ngumu na katikati ni sifongo. Ipasue kwa urefu, toa mbegu kwa kijiko, kisha ikwaruze kwa kikwaruzio. Tia kijiko kidogo cha chumvi, iache nusu saa, halafu ikamue kwenye kitambaa safi kwa nguvu zako zote. Utashangaa maji yanayotoka. Hayo maji yakibaki ndani, chochote utakachopika kitalowa. Iliyokamuliwa changanya na yai, unga kidogo, kitunguu cha majani na jibini kama ipo, kisha dondoshea kijiko kijiko kwenye kikaango chenye mafuta ya moto, ubonyeze iwe bapa.

Dawa ya kweli ni kuvuna kila siku mbili. Inua majani uangalie chini yake, maana huko ndiko zinakojificha. Kadiri unavyovuna ndogo, ndivyo mmea unavyoendelea kuzaa.

Maua yake pia ni chakula. Chuma yale ya kiume, yenye kikonyo chembamba kisicho na kitunda kwa chini, mapema asubuhi yakiwa yamefunguka, na uache mengine kwa ajili ya uchavushaji. Angalia ndani kama kuna nyuki amelala.

Zukini yangu ni chungu. Nikiongeza viungo itatulia?

Usiile. Tupa pamoja na chakula chote ulichoichanganya. Uchungu huo unatokana na kukurbitasini, sumu ya asili ya jamii ya maboga, na haiharibiki kwa kupikwa. Mwaka 2015 nchini Ujerumani mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula chakula cha zukini za aina hiyo zilizokuzwa nyumbani. Mara nyingi chanzo ni mbegu zilizohifadhiwa kutoka mmea uliochavushwa na maboga ya mapambo. Kwa hiyo onja kipande kidogo kibichi kabla ya kupika, hasa kama mbegu hukuzinunua. Kikiwa kichungu, tema na ung'oe mmea. Tango lenye uchungu mdogo kwenye kikonyo ni jambo jepesi zaidi: kata ncha hiyo na umenye. Likiwa chungu lote, nalo litupwe.

Kwa nini mahindi ya bustani ni matamu siku ya kwanza tu?

Kwa sababu hindi likishavunjwa huanza kugeuza sukari yake kuwa wanga, na joto huharakisha kazi hiyo. Kwenye nyuzi 30, mahindi matamu ya aina za zamani hupoteza zaidi ya nusu ya sukari yake kwa siku moja. Aina mpya zenye sukari nyingi huvumilia zaidi, lakini hata hizo hazifaidiki kwa kungoja. Bandika maji kwanza, kisha nenda ukavune. Hindi liko tayari nywele zake zikiwa za kahawia na kavu, na punje ikitobolewa kwa ukucha ikitoa maji meupe kama maziwa. Maji yakiwa angavu, bado. Kukiwa na unga mzito, umechelewa. Dakika 3 hadi 5 kwenye maji yanayochemka zinatosha.

Ukipukuchua kwa kisu, usitupe gunzi mara moja. Lisimamishe ndani ya bakuli, ukwangue kwa mgongo wa kisu kutoka juu hadi chini, na utapata maziwa mazito yaliyobaki kwenye vitundu vya punje. Yatie kwenye supu ya mahindi. Ndiyo yanayoipa uzito bila kuongeza krimu. Magunzi yenyewe yakichemshwa nusu saa hutoa maji matamu ya kuanzia supu hiyo.

Biringanya lazima itiwe chumvi kwanza?

Kwa ajili ya uchungu, hapana, ikiwa ni changa na umeichuma leo. Kwa ajili ya mafuta, inasaidia: nyama ya biringanya ina vitundu vingi vya hewa, na chumvi ikiilegeza hufyonza mafuta pungufu. Mimi naona ni bora kuipaka mafuta kwa brashi na kuioka kuliko kuihangaikia kikaangoni. Chuma ikiwa inang'aa. Ngozi ikififia, mbegu ndani zimekomaa na uchungu umeingia.

Maharage mabichi yanaweza kuliwa bila kupikwa?

Yapike. Yana lektini, kemikali inayosumbua tumbo, ingawa kiasi chake ni kidogo kuliko kwenye maharage makavu. Dakika 5 hadi 8 za kuchemka zinayalainisha huku yakibaki na rangi na ukakamavu. Maganda yaliyokomaa mpaka punje zimevimba yaambue, na punje hizo zichemshwe sawasawa. Zikishakauka ni maharage ya kuhifadhi: loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, chemsha kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Hasa mekundu, usiyapike kwa moto mdogo tangu mwanzo.

Rehani yangu hugeuka nyeusi kwenye friji.

Ni mmea wa joto, na baridi huiua. Iweke kama maua, ndani ya glasi yenye maji, juu ya meza. Kwenye mmea, kata ncha juu tu ya jozi ya majani na uondoe maua yakianza. Jikoni, itie mwishoni, moto ukiwa umezimwa.

Nipike vipi bila nyumba kuwaka joto?

Kazi ya moto ifanye asubuhi kukiwa bado na baridi: chemsha viazi, mayai, nafaka na maharage, oka mboga za siku nzima kwa mara moja, kisha mchana na jioni kazi iwe ya kukata na kuchanganya. Mboga zilizookwa zikipoa, zikamwagiwa siki na mafuta, mara nyingi huwa tamu kuliko zikiwa za moto. Supu baridi ya matango, mtindi, mnanaa na kitunguu saumu kidogo haihitaji jiko hata kidogo. Nyanya, tango, pilipili hoho na kipande cha mkate vikisagwa pamoja, vikatiwa siki, mafuta na chumvi na kupoa friji saa mbili, nayo ni supu.

Onja chumvi na limau upya kabla ya kuandaa, kwa sababu chakula cha baridi huhitaji zaidi ya chakula cha moto. Na kisichokuwa kwenye friji kisikae nje zaidi ya saa mbili. Hewa ikizidi nyuzi 32, isizidi saa moja.

Saladi yangu huishia kuogelea kwenye maji.

Tango ni maji asilimia 95, na chumvi huyavuta nje. Ukitaka saladi ikae, tia chumvi kwenye matango yaliyokatwa, yaache kwenye chujio dakika 20 hadi 30, yapanguse. Ukitaka kula papo hapo, tia chumvi mezani. Majani yakaushe kabisa kwa taulo baada ya kuosha, la sivyo mafuta hayatashika.

Sehemu zipi nyingine za mimea zinalika?

Majani ya bitiruti hupikwa kama mchicha, na mashina yake yatangulie sufuriani dakika mbili. Majani machanga ya maboga, yakishaondolewa nyuzi, ni mboga nzuri. Majani ya figili yana ukali unaopotea yakipikwa. Majani ya karoti yakatwe madogo sana, yatumike kidogo kama kotimiri. Mashina ya giligilani yana harufu kuliko majani yake, basi yasage au yakate uyakaange mwanzoni.

Majani ya nyanya, viazi mviringo na biringanya usile. Viazi vilivyopigwa na jua vikawa vya kijani vina solanini, ambayo ni sumu. Kijani kikiwa kidogo kikate chote pamoja na ngozi, kikienea tupa kiazi.

Mikono yangu inawaka baada ya kukata pilipili.

Kapsaisini, kile kinachofanya pilipili iwashe, haiyeyuki kwenye maji. Paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua, kisha osha kwa sabuni. Kwa mdomo, maziwa yanasaidia.

Mboga za bustani yangu zinahitaji kuoshwa kweli?

Ndiyo, kwa maji yanayotiririka, bila sabuni. Mboga za majani ziloweke kwenye beseni, zitikise, kisha zinyanyue mchanga ubaki chini. Ukimwaga maji na mboga pamoja unazirudishia mchanga uleule. Rudia mpaka chini pawe safi. Kama ulitumia samadi mbichi, kuosha peke yake hakutoshi: kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka zipite siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yale yasiyogusa. Ukinyunyizia dawa, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo.

Nihifadhije kinachobaki?

Kugandisha ndiyo njia rahisi na salama. Maharage yachovye kwenye maji yanayochemka dakika 3, mboga za majani dakika 2, kisha uyatie mara moja kwenye maji ya barafu kwa muda uleule. Hatua hiyo huzima vimeng'enya ambavyo, hata ndani ya friza, huendelea kuharibu rangi na ladha. Yakaushe, yatandaze kwenye sinia yagande moja moja, ndipo uyafunge mfukoni. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri yanakaa miezi 8 hadi 12.

Kuhifadhi kwenye chupa zilizofungwa kunataka uangalifu, na hapa sina ulegevu. Bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, hustawi mahali pasipo na hewa wala uchachu, na mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka ya nyuzi 100. Maharage, mahindi na mboga nyingine zisizo na uchachu zinahitaji mtungi wa shinikizo wa kuhifadhia, unaofika nyuzi 116 au zaidi. Nyanya ziko mpakani, ndiyo maana kila chupa ya lita moja huongezwa vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau ya chupani, ambayo uchachu wake umepimwa. La kukamua mwenyewe hubadilika tunda kwa tunda. Fuata muda wa maelekezo yaliyopimwa, usikisie.

Kitunguu saumu au rehani ndani ya mafuta navyo visikae nje. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua botulizimu kutokana na kitunguu saumu kilichowekwa kwenye mafuta bila friji. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku 4, au gandisha.

Kuchachusha kwa chumvi ni salama na kuna ladha ya kipekee. Kabichi iliyokatwa nyembamba huhitaji gramu 20 hadi 25 za chumvi kwa kilo moja. Ikande mpaka itoe maji, ishindilie chupani izame kabisa. Matango madogo mazima yafunike kwa maji yenye gramu 50 za chumvi kwa lita. Weka penye ubaridi, fungua kifuniko kila siku gesi itoke, anza kuonja baada ya siku 5. Ukungu wenye manyoya au harufu ya kuoza ni dalili ya kutupa.

Nipande vipi ili niwe na kitu cha kupika msimu wote, si wiki mbili tu?

Usipande mbegu zote siku moja. Maharage mafupi, figili, bitiruti, giligilani na mahindi pandia kidogo kila baada ya wiki 2 au 3. Mahindi yapandwe kwa kitalu cha mraba, si mstari mmoja mrefu, kwa sababu huchavushwa na upepo. Letusi hutoa shina la maua na kuwa chungu joto likizidi. Ipande kwenye kivuli cha nyanya, uvune majani ya nje tu. Mimea miwili ya zukini inatosha familia nyingi. Nyanya changanya aina: ndogo ndogo za kula mbichi, kwani huiva mapema na kuendelea kwa muda mrefu, na zile za mchuzi zenye nyama nyingi, ambazo huzaa kwa mkupuo ukajua wiki ya kuwasha oveni.